Mara Mbili na Vifurushi Viwili vya Friza

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni usiache unachofanya. Punguza moto tu, kisha utege sikio. Tunayemkumbuka leo asingependa sufuria ya mtu iungue kwa sababu yake.

Tunamkumbuka mpishi. Mpishi wa jiko la hospitali, kwa miaka ishirini na miwili. Kazini walimwita Mara Mbili, na hata wagonjwa waliokaa wodini muda mrefu walimjua kwa jina hilo. Ukielekea kwenye friza na kifurushi mkononi, unasikia sauti mgongoni: "Umefunga mara mbili?" Ukisema ndiyo, anakiminya. Ukiwa umedanganya, unarudi mezani.

Mara Mbili alifariki wiki nane zilizopita, kwa ugonjwa wa moyo. Ameacha binti mmoja na mume, fundi viatu. Habari hizi ametuletea mume mwenyewe. Tulimwomba aziseme kwa kinywa chake, akakataa katakata. "Mkinipa hicho kipaza sauti nitatukana mtu," alisema. "Semeni ninyi. Ila msiwalambe miguu wakubwa." Basi tunasema sisi, na miguu ya mtu hatuilambi.

Walijuana kwa kiatu. Alimletea kimoja, kimekatika kisigino, kimefungwa kwenye karatasi vizuri kuliko zawadi ya harusi. Fundi akahangaika kukifungua mpaka akachukua kisu cha ngozi. "Dada, hiki ni kiatu au siri ya serikali?" Akacheka. Kisigino kilipokwisha, naye fundi alikuwa amekwisha.

Nyumbani alimfundisha, na fundi anakumbuka kila neno. Nailoni nyepesi, ile inayonata kwenye sahani, ni ya friji. Ni ya chakula cha kuliwa kesho. Friza inataka nailoni nene. Ilale juu ya chakula chenyewe, uisukume kwa kiganja mpaka hewa yote itoke, halafu ndipo uzungushe foili kwa nje. Vipande vya samaki vitenganishwe kwa karatasi ya nta, visishikane kama ndugu waliokutana stendi. Na tarehe iandikwe, maana friza haina kumbukumbu.

"Hewa ndiyo mwizi," alikuwa akisema. "Ukimwachia upenyo, atakausha nyama yako humo humo kwenye baridi."

"Mke wangu, nikifa na mimi unifunge mara mbili."

"Wewe? Wewe hufungiki, baba. Una hewa nyingi mno."

Mambo yaliharibika alipokuja msimamizi mpya wa jiko. Msimamizi huyu, fundi anasema, aliijua friza kwa nje tu. Akatoa amri: nailoni nene basi. Kila kitu kifungwe kwa foili peke yake, mara moja. Inang'aa, wakaguzi wakija inapendeza.

Mara Mbili akamfuata ofisini. "Bosi, foili peke yake haifai kwa nyama iliyokolezwa nyanya. Nyanya inaitoboa."

"Nyanya haina meno, mama."

"Haina. Lakini inakula."

Akaambiwa arudi kazini. Baada ya miezi miwili nyama ikatolewa friza ikiwa imebabuka kwa baridi. Pembeni nyeupe, katikati kavu kama soli ya zamani. Foili ina vitundu kama imechomwa sindano. Wagonjwa wakarudisha sahani. Ofisi nayo ikabandika tangazo kwenye ubao wa zamu: nyama imeharibika kwa uzembe wa mpishi wa stoo ya baridi. Na Mara Mbili akanyang'anywa ufunguo wa friza.

Uzembe. Miaka ishirini na miwili, halafu uzembe.

Binti yao anasema, "Mama alilazimika kuusoma ule ubao kila asubuhi ili ajue zamu yake. Alikuwa analifunika lile tangazo kwa kiganja, anasoma zamu, anaondoka."

Hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja: jaribio. Vifurushi viwili, nyama ile ile, nyanya ile ile, siku ile ile, rafu ile ile. Kimoja kifungwe kwa amri ya ofisi, foili peke yake. Kingine kifungwe kwa mkono wake. Vifunguliwe baada ya siku tisini, mbele ya jiko zima. Msimamizi akakubali huku anacheka. Mara Mbili akachukua kalamu ya wino mzito, kimoja akaandika YA OFISI, kingine akaandika YANGU.

Siku ya arobaini na moja, akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, msiba ulikuwa bado mbichi dada wa stoo alipokwenda kumnong'oneza fundi. Dada huyu ndiye aliyepewa ufunguo, na kazi yote alifundishwa na Mara Mbili. "Shemeji, wanataka kusafisha friza. Vile viwili vitatupwa." Fundi akaliacha benchi lake vile vile, akaenda hospitali na aproni ya ngozi kiunoni.

"Mzee, pole sana," msimamizi akamwambia. "Marehemu amepumzika. Na jambo hili tulipumzishe."

"Yeye amepumzika. Tangazo lenu halijapumzika, bado liko kazini pale ubaoni."

Msimamizi akasema atalitazama. Dada wa stoo hakungoja mtu atazame. Alivisogeza vile vifurushi nyuma kabisa, akavifunika kwa mifuko ya njegere.

Siku ya tisini ilikuwa Jumatatu iliyopita. Wapishi walisimama kuizunguka meza, na fundi na binti yake pia. Msimamizi alifika mwisho, akiangalia saa.

Walianza na YA OFISI. Foili ilikuwa na matundu pale nyanya ilipogusa. Nyama ilikuwa na mabaka meupe, na harufu ya samaki wa rafu ya chini imeshaingia. Mpishi mmoja akasema, "Hii hata paka angeomba barua ya maelezo." Watu wakacheka.

Wakafungua YANGU. Foili nzima. Chini yake nailoni imekumbatia nyama, haina hata kiputo kimoja. Nyama nyekundu, laini, kama ya juzi.

Msimamizi akainama, akaitafuta kasoro kwa macho mpaka akaipata. Pembe moja, mahali nailoni ilipojikunja, palikuwa na doa jeupe dogo kuliko kucha. Akanyoosha kidole. "Hata hii imebabuka."

Jiko zima likamtazama fundi. Akasogea, akaliangalia lile doa kwa makini, kama anavyoangalia mshono wake mwenyewe.

"Kweli," akasema. "Hapo alikosea. Na angekuwepo, angekuonyesha yeye kabla hujaliona."

Msimamizi akaangalia saa tena. Alisema tu kwamba suala la tangazo litapelekwa kwenye kamati. Fundi anatuambia kamati anazijua: ndiko maneno ya watu wadogo yanakogandishwa, na hakuna anayeandika tarehe.

Msimamizi alipotoka, dada wa stoo aliichukua ile foili ya ofisi, akaiosha, akaikunjua vizuri. Akaenda kuibandika ubaoni, juu ya tangazo, pini nne. Matundu yote yanaonekana. Mpaka jana ilikuwa pale, na kila anayesoma zamu anaisoma nayo. Hakuna bosi aliyethubutu kuigusa.

Kwa hiyo tunasema, na tunarudia asikie na aliye mbali: yule mpishi hakuwa mzembe. Hakuwa mzembe.

Kwako fundi, kwako binti, na kwenu wote wa jiko la hospitali, poleni sana. Mungu ampumzishe mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: ni jina la nani tumelibandika ubaoni bila kufungua kifurushi kwanza? Na doa la kwetu, tunalionyesha wenyewe, au tunangoja lionekane?

Fundi sasa hufunga mkate wake mwenyewe. Nailoni, kiganja, foili, tarehe. Anasema pembe bado zinamshinda.

Na wewe uliyepunguza moto, ahsante kwa kungoja. Sasa unaweza kuuongeza.