Siku Nilipoita Jina la Mama Mkwe

Wazee, akina mama, ndugu zangu wote, nashukuru kwa nafasi hii. Mzee wa kanisa ameninong'oneza niseme kwa kifupi. Kumwambia mwalimu aseme kwa kifupi! Haya, tutajaribu.

Nimesimama kukiri. Nikiwa ng'ambo nilimfukuza mama wa mke wangu darasani. Kwa mdomo sikumfukuza, lakini alitoka kwa sababu yangu, na mimi nikafurahi. Hilo la kufurahi ndilo linalonishtua mpaka leo.

Mnakumbuka nilivyoondoka hapa Mbozi. Nilipata barua ya kazi Rodesia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba, kuwafundisha Kiingereza wake za wachimbaji. Mke wangu nilimwacha nyumbani na mtoto mchanga. Nikapanda lori, nikavuka Tunduma na sanduku la bati na tai shingoni. Tai, katika vumbi lile! Nilijiona mtu kweli kweli. Kule wakanipa mwezi mmoja wa kujaribiwa.

Siku ya kwanza, mchana, naingia ukumbini. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, wananisalimu kwa kupiga makofi taratibu kama ilivyo desturi yao. Nikafungua daftari, nikaanza kuita majina. Nikafika kwenye jina moja la ubatizo, geni kwangu. Nikaliita. Wakatazamana. Nikaliita tena kwa nguvu, ile sauti ya mwalimu mpya. Mwanamke mmoja wa benchi la nyuma akainuka kidogo, akajifunika kitambaa usoni.

Mungu wangu! Alikuwa mama mkwe.

Kwetu mnajua wenyewe. Mama mkwe humtazami. Ukimwona njiani unaingia shambani mpaka apite, na jina lake hulitamki. Mimi nimelitangaza mara mbili mbele ya umati! Nilijua yeye na baba mkwe wako ng'ambo, lakini mji mwingine. Kumbe walihamishwa. Mlango ulikuwa upande wake, nami siwezi kupita karibu naye. Ndugu zangu, nawaambia, nilitokea dirishani, na tai yangu.

Mzungu msimamizi akanikuta nje nimeketi chini natetemeka. "Unaumwa?" Nikasema malaria. Ningemwelezaje? Kwenye barua ya kuomba kazi nilijisifu kwamba mila za zamani nimeachana nazo.

Kesho yake nikarudi kwa woga. Mama mkwe hakuja. Wala kesho kutwa. Nikashusha pumzi, nikasema asante Bwana. Mnasikia? Nikamshukuru Mungu! Nikafundisha wiki mbili kwa raha zangu.

Darasani alikuwamo mama mmoja Mbemba, mwenyeji wa kule, mtu mzima, sote tulimwita Bibi. Alikuwa mcheshi, lakini siku moja alibaki nyuma wenzake walipotoka, na uso wake haukuwa na mchezo.

"Mwalimu, yule mama aliyeacha kuja, Kiingereza alikitakia nini?"

"Sijui, Bibi."

"Mayo, mama wee! Hujui, na hukuuliza!"

Akanieleza. Kitindamimba wa mama mkwe ana ugonjwa wa kifua. Siku moja alimpeleka hospitali, mkalimani hayupo. Akaonyesha kifua kwa mkono, nao wakadhani mgonjwa ni yeye mama. Wakampa dawa za mtu mzima, wakamrudisha. Mtoto aliponea chupuchupu. Ndipo mama akaapa kujifunza.

"Sasa amejitoa, maana akiwapo huwezi kufundisha, usije ukafukuzwa kazi," Bibi akasema. "Anasema mkwe wake apate riziki, yeye atamwomba Mungu tu. Na kifua cha mtoto kimeanza tena."

Nilishika meza. Mimi nashukuru kwa kiti kitupu, kumbe kiti kile ni uhai wa mtoto!

"Bibi, nitafanyaje? Siwezi kumtazama."

"Nani kakwambia umtazame? Wewe unafundisha kwa macho? Kwenu hamna namna ya kuombana radhi?"

Ipo. Nikaenda kwa mzungu, nikakiri uongo wote, malaria na barua. Nilijua ananirudisha nyumbani. Akakuna kichwa, akauliza nataka nini. Nikasema, mama mkwe aruhusiwe kuketi akitazama ukuta. Akaniuliza mara mbili kama amesikia vizuri, kisha akasema sawa. Bibi akanipelekea kwa mama mkwe jembe jipya na kuku, ndiyo radhi ya kwetu, na maneno yangu ya toba.

Akaja. Akanipa mgongo, nami nikampa mgongo nikitazama ubao. Wenzake walibana vicheko mpaka machozi. Lakini sauti yake ilikuwamo, na kila siku ilizidi kupata nguvu.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja Bibi akanijia mbio. "Mtoto kazidiwa! Mama kampeleka peke yake, mkalimani hayupo!"

Nikakimbia mpaka hospitali, nikasimama nje, nyuma ya ukuta, maana mkwe ni mkwe. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia, kwa Kiingereza cha kuokoteza: "Mgonjwa si mimi. Ni mwanangu. Kifua. Tangu jana. Hawezi kupumua." Daktari akamjibu, viatu vikakimbia, mtoto akapokelewa. Pale nje nililia kama mtoto mdogo, sikujali nani ananiona.

Kijana yule ni mzima. Namshukuru Bibi aliyenikaripia, na mzungu aliyekubali jambo asilolielewa. Mama mkwe namshukuru kwa kujinyima kwa ajili yangu wakati sikustahili. Heshima ya wazee sitaitupa. Ila kabla hujashukuru kwamba mtu ameondoka mbele yako, uliza kwanza alikuwa amefuata nini.

Jumatatu naanza darasa la akina mama hapa hapa. Kama kuna mama anayeona haya kwa sababu mwalimu ni mkwewe, aje tu. Namna ya kuketi itapatikana.