Mama Eyotaru na Tarumbeta Ishirini na Sita

Ndugu, jamaa na majirani, wageni wetu kutoka Ariwara, na ninyi mliosimama juani kwa sababu mlichelewa viti, historia hii inasomwa na Acidri, mjukuu wa kwanza wa marehemu, aliyeacha shule Senior Two na bado akawapita wajomba wenye digrii, kwa kuwa familia ilitaka mtu mwenye sauti.

Marehemu Prossy Eyotaru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mvara, mtoto wa tatu wa mzee Obitre na mama Driciru, akasoma shule ya msingi hapo hapo na kumaliza mwaka 1975, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kunyamaza. Mwaka 1980 vita vilimkimbiza hadi Ariwara, Kongo, na huko, tarehe 5 Desemba 1981, akaolewa na fundi cherehani Gustave, mzee wetu huyu, ambaye mpaka leo anadai kwamba yeye ndiye aliyetongozwa, wakajaliwa watoto wanne, Rosine, Dieumerci, Sandra na Draku.

Waliporudi mwaka 1987 aliajiriwa kufua mashuka katika hospitali ya Kuluva, akafua miaka kumi na tisa, na kwa kuwasikiliza wauguzi akajua jinsi ugonjwa unavyosafiri kutoka mkono hadi mdomo bila kulipa nauli. Mwaka 2006 familia ilihamia Koboko, na tarehe 3 Februari 2008 akaanzisha kikundi cha watoto cha tarumbeta za kibuyu, kwa masharti yaliyowachekesha wazee waliozoea kupokezana tarumbeta moja mdomo kwa mdomo: kila mtoto na yake, imefungwa uzi wa rangi yake, maji ya kunawa yamiminwe kwa jagi, watoto wasichovye mikono wote katika karai moja, na mwenye homa abaki kwao. Watu wakamwita Daktari wa Sabuni, naye akaitika.

Jumamosi tarehe 22 Agosti 2015 kikundi kilikuwa kinakwenda Ediofe kwenye fainali ya mashindano ya tarumbeta, mbele ya mamia ya watoto wa vikundi vingine, na mpigaji wake mkuu alikuwa Acidri, wa miaka kumi na miwili, hodari kuliko wote Koboko, na asiyeamini aulize makaburini. Asubuhi hiyo macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili, akasema, "Ni moshi wa jikoni tu, dada," maana bibi huyu alikataa kuitwa bibi, naye akamshika shingo akasema, "Moshi gani huu unachemsha mutu?" Hapo shujaa akakiri kwamba tangu juzi ana homa, na kwamba, kwa kujisifu, aliwapa Lodu na Wani, wenzake wa kikundi, wapulize tarumbeta yake, waonje utamu wa bingwa.

Mwenyekiti wa wazazi, mzee Alionzi, akapiga kelele, "Mama, lori iko hapa, watoto iko ndani, wewe unaogopa macho ya mtoto mmoja?" Marehemu, aliyeingoja fainali hiyo miaka saba, akapanda lorini akawateremsha watoto mmoja mmoja, akasema, "Kombe litangoja, surua haingoji," kisha akajifungia chumbani akalia, jambo ambalo mzee Gustave alitukataza kulisema na sasa limesemwa. Ilikuwa surua kweli, siku kumi baadaye Lodu na Wani nao wakatoka vipele, wakiwa tayari wametengwa na wanatibiwa, na haikumpata mtoto mwingine hata mmoja, si Koboko wala Ediofe. Mzee Alionzi alileta jogoo, akamwacha mlangoni akakimbia.

Mwaka 2024 figo za marehemu zilianza kuchoka, akatibiwa Arua na Kuluva, akiwakumbusha madaktari kunawa, hadi Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi, alipotutoka, akibakiza mwezi mmoja atimize sitini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Koboko waliopika, wafuaji wenzake wa Kuluva, na mzee Alionzi, aliyetoa lori lile lile kwa msiba huu bila kuombwa.

Watoto wa lorini wa mwaka ule walikuwa ishirini na sita, sasa wana ndevu na wengine wana watoto, na wote ishirini na sita wako hapa, wamehesabiwa, nao ndio watakaokubeba. Pumzika, dada, hakuna aliyepungua.