Bi Shubiri Alipoomba "Kata"

Bafu la nyumbani kwa marehemu limekuwa kimya. Alizoea kuimba humo kila asubuhi, mpaka jirani yao, fundi saa, anagonga ukuta: "Kengele! Maji yamekwisha, wimbo bado?" Mkwe wake, aliyemuuguza, hadi leo akipita mlangoni hapo hutega sikio.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Shuleni aliwaimbisha wenzake jedwali la kuzidisha. Darasa zima likafaulu hesabu, yeye akafeli. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975.

Mwaka 1977 alijiunga na bendi ya hoteli, ndiko alikopewa jina la Kengele. Mwaka 1981 aliolewa na mpiga gitaa la besi, bwana wa maneno machache, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mumewe alitangulia mwaka 2009.

Bendi ilipovunjika aliingia kwenye filamu, akavuma kama Bi Shubiri, mama mkwe asiye na huruma. Sokoni muuza nyanya alimkatalia: "Sikuuzii mpaka umwombe radhi yule binti unayemtesa!" Akaomba radhi palepale, machozi yakimtoka, akaondoka na nyanya za nyongeza.

Basi mwanawe alipoleta mchumba, binti wa watu alikuja roho mkononi. Siku ya kwanza akavunja kikombe. Mama akamtolea lile jicho la Bi Shubiri, kisha akaangua kicheko: "Kata! Hapa hakuna kamera, mwanangu. Chukua kingine." Neno hilo la mwongozaji wa filamu likawa lao wawili. Ugomvi ukianza, mmoja akitamka "kata," umekwisha.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Mwaka huu alilazwa hospitalini, na daktari akasema dawa zaidi zingemwongezea muda, si kumponya. Mwanawe akang'ang'ania: "Mama hajawahi kushindwa. Tunaendelea."

Mama akamgeukia mkwe wake, akafungua na kufunga vidole viwili kama mkasi. Mkwe alielewa, akaogopa. Akilisema yeye, si watu wataona amemchoka mama wa mwenzake? Jioni akajikaza.

"Mume wangu, mama anasema kata."

"Amekwambia nani?"

"Mwenyewe. Muulize."

Mwana akainama kitandani. "Ni kweli, mama? Twende nyumbani?"

Mama akaitikia kwa kichwa, akapata usingizi kabla mwanawe hajafuta machozi.

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, asubuhi, dirisha likiwa wazi, bila maumivu. Mwana na mkwe walilia, ndiyo, lakini kwanza walishusha pumzi.

Ameacha mwana, mkwe, wajukuu wawili, dada mmoja, na mashabiki ambao bado wanamwogopa. Mungu ampe pumziko alilolitamani.

Kaburi lake liko kushoto kwa kaburi la mumewe.