Nitizamie Nyuma

Ndugu zangu, amani ya Mungu iwe juu ya kila aliyeacha blanketi lake asubuhi hii ya baridi akaja hapa Barking kutusikiliza. Bi Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu ugonjwa usioonekana kwa macho. Nilimkatalia mwaka jana, nikamkatalia tena baada ya Ramadhani. Leo nimekubali. Majina ya watu sitayataja, na mkiona nimenyamaza kidogo msiniletee maji, niacheni tu.

Wengi wenu mnanijua kama dereva wa basi mstaafu, mzee anayechelewa mikutano na kusingizia foleni. Hamjui kwamba nilipokuwa kijana chuoni alikuja Mmarekani kunipima kama nafaa kucheza mpira kwao kwa kulipwa. Msicheke! Tumbo hili limekuja baadaye.

Ulikuwa mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Miaka ile televisheni ya hapa ilianza kuuonesha, na vyuo vikaunda timu. Nafasi yangu inaitwa running back. Unakabidhiwa mpira, wenzako wanasukumana na wapinzani, wewe unatafuta mwanya, ukiupata unapenya na kukimbia mpaka mwisho wa uwanja. Nilipomwambia mamangu jina hilo akalifasiri neno kwa neno. "Mkimbia nyuma?" Nikamwambia la, mama, nakimbia mbele. Akasema, "Wazungu na majina yao," akarudi jikoni kwake.

Tulikuwa mimi na yeye tu. Tulitoka Unguja kuja London baada ya mapinduzi, mimi bado wa kubebwa. Babangu alichukuliwa siku zile na hakuonekana tena. Sikuja kumhukumu mtu, humu ukumbini tupo wa kila upande na tunazikana sote. Nataka mjue tu kwamba nyumbani kwetu Tottenham jambo hilo halikusemwa. Mama alisafisha wodi hospitalini, akarudi, akapika, akasali. Nikimuuliza habari za baba huniambia, "Alikuwa mtu mzuri," na mazungumzo yamekwisha.

Basi yule mpimaji akaja. Mtu mrefu, mpole, koti la mvua na mkoba wa ngozi. Alinikimbiza kwa saa mkononi. Alinirushia mipira aone kama nadaka kwa viganja au kwa kifua. Alimwambia mtu mkubwa kuliko mlango huu anigonge, aone kama nitaanguka au nitayumba na kuendelea. Alinishika mapaja kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Hata urefu wa mamangu aliuliza, na wa wajomba zangu, apate kujua kama mwili wangu utaongezeka. Kisha akachukua kanda za video za mechi zetu akaenda nazo hotelini kwake.

Aliporudi alituketisha mimi na kocha wangu, Mwingereza mmoja mwalimu wa hesabu. Akasema, "Mbio anazo. Mikono anayo. Akigongwa hubaki na miguu yake. Mwanya anauona kabla haujafunguka, na hilo halifundishiki." Ndugu zangu, moyo wangu ulikuwa ushafika Marekani. Nilishamjengea mama nyumba yenye bustani. Kisha akasema, "Lakini akishatoka peupe, anageuza shingo kutizama nyuma. Kila mara. Hatua moja inapotea hapo. Kule kwetu wanaomfukuza wana mbio kama zake, na hatua moja ndiyo kila kitu." Akanitizama bila ubaya wowote. "Kijana, nani anakufukuza?"

Nikacheka. Nilimwambia hakuna.

Alitupa muda mpaka atakapopita tena London. Kocha alijaribu kila hila. Alinifunga taulo shingoni chini ya kofia. Alinikimbiza peke yangu uwanja mtupu, hakuna hata paka nyuma yangu, na bado shingo iligeuka. Sikuwa nahisi. Ningeapa kwamba sikugeuka, naye angenionesha kwenye video na mimi nikaona aibu kama niliyekamatwa na mali ya mtu.

Mpimaji akarudi siku ya mechi. Kipindi cha pili nikapewa mpira, nikapenya, mbele yangu majani matupu mpaka mwisho. Nikasema moyoni usigeuke, usigeuke. Nikageuka. Wakanikamata karibu kabisa na mstari. Nilipoinuka nilimuona anafunga mkoba wake. Alinipa mkono, akanitakia heri, akaenda zake. Sikumchukia hata siku hiyo. Alikuja kupima, akapima.

Sasa nawaambia sehemu ambayo watu hupenda kuiruka. Kukosa mpira siko kulikoniangusha. Vijana wangapi wanakosa mpira na wanaoa na kuishi? Kilichoniangusha ni lile swali. Nilianza kujiona. Nikipanda treni ya chini ya ardhi siwezi kusimama mpaka mgongo wangu uwe ukutani. Darasani nakaa mstari wa mwisho. Dukani nikisikia nyayo jasho linanitoka. Nikaacha darasa. Nikaacha basi. Nikaacha ngazi za jengo letu. Mwisho nilibaki chumbani, kitanda nimekisogeza kwenye kona, na hapo nikakaa majira mawili ya baridi.

Watu wakasema nimevuta kitu. Wengine wakasema jini. Mama alinitengenezea kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani, nikanywa, shekhe akaja akanisomea, namshukuru, alikuwa hakimbilii kuondoka. Daktari alitupa vidonge. Mama alikuwa anaweka sahani mlangoni, anagonga, anaondoka, kwa sababu nilimwambia sitaki aniingilie kwa ghafla. Mama mzazi, anaombwa abishe hodi kama mgeni. Naona haya mpaka leo nikilisema.

Siku moja mchana yule kocha akaja. Alikuja na bati la biskuti na kanda ya video. Alidhani nikijiona nikicheza nitapata hamu ya kutoka. Mama akamkaribisha, akatia chai, akanibembeleza mpaka nikaja kukaa kwenye kochi, mgongo ukutani. Kocha akaiwasha kanda. Mama hakuwahi kuniona nikicheza hata mara moja. Jumapili zote alikuwa zamu.

"Wewe ndiye yupi?" akauliza.

"Huyo mwenye mpira."

"Mashaallah! Mbio hizo!" Akapiga kofi. Halafu akasogea karibu na televisheni. "Mbona umegeuka?"

Kocha, ambaye Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, akadhani mama amefurahi, akamuwekea mbio nyingine. Nikageuka tena. Ikaja ya tatu.

"Unamtizama nani, mwanangu?"

"Simtizami mtu, mama. Ndivyo nilivyo."

Aliweka kikombe chini. Akasema, "Hukuzaliwa hivyo. Ni mimi."

Ndugu zangu, hapo ndipo aliponiambia. Babangu walimjia kwa nyuma. Alikuwa anafunga mlango wa duka lake, funguo mkononi, hakuwaona. Mama alikuwa dirishani juu, aliwaona wanamkaribia baba, na sauti haikumtoka. Tangu siku hiyo hakuogopa kilichoko mbele yake, aliogopa mgongo wake. Tulipofika London tukapewa nyumba kwenye mtaa ule wa mwanzo, mnaoukumbuka mnajua ulivyokuwa. Wahuni wakikaa nje ya duka la chipsi, wakimuona mwanamke wa buibui wanamfuata, wanamtemea mate, siku nyingine chupa. Yeye mikoba miwili mkononi, hawezi kugeuka. Mimi niko darasa la kwanza.

"Nikakwambia, 'Nitizamie nyuma, baba. Mimi natizama mbele, wewe nitizamie nyuma,'" akasema. "Kila siku, kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni. Ulikuwa hodari. Ukisema, 'Mama, wanakuja,' tunakimbia."

Nawaambia kweli, nilikuwa nimesahau. Alipolisema, nikaukumbuka mkono wangu umeshika ukingo wa buibui lake, na shingo ikiniuma.

"Kisha tukahama mtaa ule," akasema, "na mimi nikashukuru Mungu, nikalala usingizi. Wewe sikukwambia kwamba basi."

Akainuka, akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa mfupi, hata nikikaa tulikaribia kulingana. Akanishika uso kwa mikono yake miwili iliyochubuka kwa dawa za kusafishia. "Basi, baba. Nimeshafika. Hakuna tena wa kunitizamia. Umeifanya kazi yangu vizuri, na leo nimekupumzisha."

Nililia kilio cha mtoto. Kocha wa watu alikaa na biskuti mkononi, hajui aile au airudishe.

Msidhani niliinuka siku hiyo nikatembea mpaka Marekani. Kesho yake tulishuka ngazi, mimi mbele, yeye nyuma. "Leo zamu yangu," alisema. Tukafika kituo cha basi tukarudi. Kila nilipogeuka nilimuona yeye, na buibui lake, ananipungia mkono niendelee. Tukafanya hivyo wiki baada ya wiki. Daktari akanipeleka kwenye kikundi cha wagonjwa hospitalini, na muuguzi mmoja wa Kijaluo aliyekiongoza alinifundisha kuita hofu kwa jina lake na kuisema mbele ya watu bila kufunika uso. Pole pole nikarudi chuoni, nikamaliza. Mpira wa kulipwa sikuupata, wala sijui kama ningeupata. Nikaishia kuendesha basi, kazi ambayo kutizama nyuma kwenye vioo ni sheria, na kwa mara ya kwanza nikawa nalipwa kwa ugonjwa wangu.

Namshukuru mamangu, Mungu amrehemu, mliyemzika ninyi wenyewe na kunishika mikono. Namshukuru kocha kwa bati lile la biskuti. Namshukuru yule muuguzi. Na yule mpimaji namshukuru vilevile, kwa sababu watu wengi walinitizama miaka ile na wakaona miguu tu.

Neno langu kwenu ni hili. Tulipofika nchi hii tuliwapa watoto wetu kazi. Huyu anakutafsiria kwa daktari. Huyu anakusomea barua za kaunsili. Huyu anakaa macho mpaka utoke zamu. Ilikuwa lazima, silaumu mtu. Lakini shida ikishapita, mwambie mtoto kwa mdomo wako kwamba imepita. Asiachwe abahatishe.

Na mimi sina haki ya kuwaambia hivyo kabla sijafanya yangu. Binti yangu yuko hapa, amekaa mstari wa mbele na mama zake wadogo. Nilipopasuliwa moyo, mwaka ule mamake alipotutoka, nilimshika mkono nikamwambia asiende mbali na mimi. Tangu hapo hajaenda. Juzi nilimsikia kwenye simu, akidhani nimelala, anaikataa kazi ya Glasgow aliyoisomea miaka yote. Alisema, "My dad needs me," kwamba babake anamhitaji. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

Mwanangu, nitakwambia kwa Kiswahili, wewe unijibu kwa lugha uipendayo. Moyo umepona, daktari amesema na wewe ulikuwepo. Ndugu zako hawa wapo, chai yangu naijua kuitia mwenyewe. Kesho asubuhi wapigie simu watu wa Glasgow, uwaambie umebadili nia. Ukipata siku ya safari nambie, begi nitakubebea mimi mpaka stesheni.

Nimemaliza, Bi Mwenyekiti.