Mihogo Iliyokataa Kukauka

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kupasua midomo, jua linawaka bure tu, upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Bwana wetu anastahili sifa, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi mliokaa nyuma leo, ambao hamkusikia ushuhuda wangu kwa sababu umeme ulikatika nikiwa ndiyo kwanza nasafisha koo. Mchungaji amesema niandike, autume kwenye grupu la kanisa. Shule yangu ni ndogo, sina hakika kama nitasimulia vizuri. Lakini siku ile Mungu hakuniuliza cheti.

Wengi hapa ugenini Doornfontein mnaniita Rubani. Ndugu zangu, mimi sikuwa rubani. Nilikuwa mekanisyen, yaani fundi wa ndege, wa jeshi la anga kule kwetu Kongo, wakati wa vita. Rubani alikuwa Kapiteni, mtu mrefu mwenye maringo, ingawa kwa haki niseme kazi aliijua. Tena hatukutunguliwa, kama Mama Mchungaji anavyopenda kusimulia. Tulikamatwa na kwaya.

Ndiyo, kwaya! Ndege yetu ya mizigo ilikuwa inawapelekea askari wetu buti na sardini katika mji mdogo wa mlimani. Kiwanja cha ndege cha huko ndipo wamama wanapoanika mihogo, maana udongo umeshindiliwa na jua halizuiwi na kitu. Ukiona kimefagiwa na watu wamejipanga pembeni, ujue unasubiriwa. Tuliona kimefagiwa. Tuliona maua. Tukatua. Kwaya ikatuimbia, watu wakatushika mikono, askari wakashusha mizigo wakicheka. Kapiteni akapunga mkono kama waziri. Kumbe waasi walikuwa wameuteka mji siku iliyotangulia, na hayo maua yalikuwa ya kumpokea mkubwa wao, aliyetazamiwa kuja kwa ndege! Sare zilikuwa zilezile, tungejuaje? Komanda wao, akiwa tayari amevaa buti zetu, akauliza, "Na Jenerali yuko wapi?"

Kapiteni akajibu, "Jenerali gani?"

Kwaya ikanyamaza sauti moja moja. Besi walichelewa kuelewa.

Tukafungiwa kwenye ghala la kahawa. Niseme haki: hawakutupiga, hata sardini zetu walitugawia. Lakini Komanda akaja akasema, "Kesho mtapakia mabomu, mtayasukuma nje ya mlango mkiwa juu ya ule mji mlikotoka. Mkikataa, ukuta ule pale."

Ndugu zangu! Katika mji ule alikuwamo mke wangu, na binti yetu Neema, bado anatambaa. Kapiteni, ambaye sikuwahi kumwona akisali, akaniambia, "Mekanisyen, wewe ni mtu wa kanisa. Sema kitu huko juu." Nikaomba. Ombi lenyewe halikuwa zuri. Nilisema, "Baba, sijui hapa mtu anaombaje. Angalia mwenyewe."

Asubuhi wakatutoa. Kiwanja chote kilikuwa cheupe kwa mihogo! Na katikati ameketi mama mmoja mnene, miguu ameinyoosha. Komanda akaporomosha matusi, akachomoa bastola, akaenda mbele kwa hasira, kisha akageuka ghafla na kujificha nyuma ya mgongo wangu. Yule alikuwa mama mkwe wake! Alioa hapo mlimani kabla ya vita, na kwa desturi yao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hapazi sauti mbele yake. Bastola aliifunika kwa kofia.

"Wewe mfungwa," akaninong'oneza, "nenda umwambie aondoe mihogo."

Nikaenda. "Mama, mkwe wako anaomba mihogo iondoke, ndege iruke."

"Mwambie mkwe wangu ndege haili. Watu ndio wanakula." Kisha akashusha sauti. "Huko mnakotumwa, kuna watoto?"

"Wangu yupo, mama."

Akanitazama sana. "Basi mwambie mihogo bado haijakauka."

Nikashika kipande. Kikavunjika, ka! Kikavu kama kuni. Nikarudi.

"Anasema bado haijakauka."

"Wewe umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Na je?"

"Komanda, mama mkwe wako anasema bado."

Eish! Nilitoka jasho mpaka kwenye kope. Akatazama chini, akatazama buti zetu miguuni mwake, akasema, "Basi kesho."

Kesho yake haikukauka. Wala keshokutwa. Mvua ikaanza kunyesha mchana, wamama wakawa wanaifunika turubai na kuianika tena kukipambazuka. Askari wakasaidia kuigeuza, maana nao waliila. Hata Kapiteni na maringo yake aliinama akageuza. Tukaenda hivyo mpaka wakubwa wa pande zote mbili walipopatana kubadilishana wafungwa. Tuliondoka kwa lori. Ndege tuliiacha palepale, mihogo imeizunguka.

Nimejiuliza mara nyingi kama huu ni muujiza. Malaika sikumwona. Pengine mama yule angekaa pale hata kama nisingeomba, siwezi kuapa. Na kwa haki, Komanda angeweza kumtuma askari mwingine amburute, lakini hakumtuma. Ninachojua ni kwamba niliomba vibaya nikajibiwa vizuri, na mji ule haukuguswa. Asante, Yesu! Asante kwa mama yule, popote alipo!

Ndugu yangu wa Alexandra unayeshtuka mlango ukigongwa kwa kuwahofia wanaofukuza wageni, na wewe unayelinda geti la watu kule Midrand huku moyo wako hauna mlinzi, mtumaini Yeye. Usingoje mpaka ombi lako liwe zuri.

Jioni hii tumekula pap, ugali wa huku, na miguu ya kuku. Neema, ambaye sasa ni mwanamke mzima, amechagua miguu yote minene, mimi akaniachia mchuzi.