Mkebe Ulio Chini ya Benchi ya Mzee Bramwel

Miaka ishirini na sita na miezi kumi: ndiyo aliyotumikia Mzee Bramwel Shivachi katika karakana yetu hapa Kakamega, tangu tarehe 1 Machi 1946 hadi atakapostaafu tarehe 31 Desemba 1972. Amefundisha mafundi kumi na wanne. Wanne kati yao wamepandishwa cheo wakawa wakubwa wake. Yeye hajapandishwa hata mara moja. Nimeambiwa niandike kwaheri hii kwa furaha. Nitajaribu.

Mzee ni mtu wa utani. Ukishika spana kabla hujaigusa injini kwa mkono, atakuuliza kama umetumwa na wauza vipuri. Lakini asubuhi moja ya Julai 1965 hakutania.

Teresa, muuguzi wa zahanati ya Lumakanda, alipiga simu. Jepkemboi, mkulima wa huko, alikuwa amejifungua miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na ratili tatu tu. Alihitaji hospitali siku hiyo hiyo, na baridi ya njiani ingemmaliza. Gari letu la wagonjwa lilikuwa kuukuu, na hita yake ilipuliza upepo usio na joto. Siku tatu tulikuwa tumehangaika nayo: tukabadilisha feni, tukazibua mipira, wapi!

Mzee aliwasha injini, akangoja dakika ishirini, akaushika mpira wa juu wa rejeta. Vuguvugu.

"Nani ametoa thamostati?"

Kila mtu alijua ni mimi. Nilikuwa nimeing'oa katika magari kumi na moja ili maji yasichemke mlimani, na nikajisifu. Sikujua kwamba bila kidude hicho kuyazuia, maji ya injini hayapati moto, na joto la hita hutoka kwa maji hayo hayo.

Akavuta mkebe chini ya benchi. Thamostati kumi na moja! Zote nilizotupa, alikuwa ameziokota. Akazijaribu katika sufuria yetu ya chai. Mbili zilikataa kufunguka maji yalipochemka. Ya tatu ikafunguka.

"Ni hii. Na chai ya leo usinywe, bwana mdogo."

Saa tano gari likaondoka. Saa kumi likarudi, likasimama mlangoni pa hospitali, jirani na karakana. Dereva Kimutai alishuka amevua koti, jasho likimtiririka. Nyuma yake tukasikia mtoto akilia.

Nane zilizobaki nilizirudisha mwenyewe, baada ya kusafisha rejeta alivyonielekeza. Hakuna gari lililochemka tena.

Barua ya pongezi ilipokuja, ilimtaja msimamizi wetu. Jina la Mzee halikuwamo. Basi naliandika hapa, mbele ya wote: gari lile lilitengenezwa na Bramwel Shivachi. Mtoto yule, Chepkoech, sasa yuko darasa la kwanza.

Asante, Mzee. Nenda nyumbani Malinya ukatazame mafahali wakipigana bila kuangalia saa. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Mkebe niachie mimi.