Mzee Kengele, Fundi wa Vilele Vitano

Kila siku saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla hajanawa uso, marehemu alifungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini na kandambili zake, akaisalimia milima. Alianza kushoto akaenda kulia, kama mtu anayepita nyumba za ndugu zake. "Shangazi, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Mapacha, hamjambo." Wa mwisho alikuwa Mama Mkwe, na huyo alimsalimia akiwa ameinamisha macho. Hapo ndipo alipokwenda kunawa.

Majina hayo aliyatoa mwenyewe. Shangazi ni mlima mpana, umekaa kitako, unapandika kwa baiskeli mpaka juu. Mjomba ana kipara cha mawe. Mapacha ni vile vilele viwili vinavyoegemeana, ukifika kimoja unaona kingine kinakucheka. Mama Mkwe ni mrefu kuliko wote, na kichwa chake kimefunikwa na wingu karibu mwaka mzima. Hujifunua asubuhi chache, dakika mbili tatu, kisha hujifunika tena. Wapo watu wa kijiji hiki waliozaliwa na kuzeeka bila kumwona uso.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya sita wa baba mpasua mbao na mama mfinyanzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Dada yake mkubwa, ambaye tuko naye leo, anasema alitembea akiwa na miezi tisa, na kwamba hatua yake ya kwanza ilikuwa ya kupanda ngazi. Ndugu wengine, enzi za uhai wao, walisema dada anatia chumvi. Dada anasema wao hawakuwepo.

Alianza shule Januari 1959, akaishia darasa la sita mwaka 1964, baba yake alipoumia mkono. Kwenye daftari la mwisho alilolitunza kuna ramani ya kijiji. Milima yote mitano ipo, na njia zake, na mawe makubwa, lakini nyumba hakuna hata moja. Mwalimu alimuuliza, "Na watu wanaishi wapi?" Akajibu, "Wamepanda, mwalimu. Watarudi jioni." Alipewa alama mbili kati ya kumi, na maisha yake yote alisema alionewa.

Mwaka 1968 mjomba wake, yule wa damu, alimchukua kumfundisha ufundi wa baiskeli. Tarehe 1 Julai 1974 alifungua banda lake mwenyewe jirani na mashine ya kusaga: chumba kimoja, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, karai la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na mlangoni kigoda ambacho mteja hakukikalia sana, kwa sababu hakukuwa na cha kusubiri. Maana marehemu alikuwa na sheria yake. Baiskeli haijapona mpaka ipande na kushuka. Ukileta pancha, aliziba pancha, kisha akaondoka na baiskeli yako kwenda mlimani kuijaribu. Ukirudi mchana unakuta banda limefungwa kwa kipande cha waya. Msagaji wa jirani alichoka kuulizwa, akawa ananyoosha kidole tu. "Baiskeli yako iko kwa Shangazi. Imeenda kusalimia."

Akifika kileleni alipiga kengele. Kila baiskeli iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na kengele, hata kama ililetwa bila kengele. Ndiyo sababu tulimwita Mzee Kengele, na alianza kuitwa mzee akiwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa pia akichukua kijiwe cha mlima mmoja na kukiacha kwenye mlima mwingine. Alipoulizwa alisema, "Si mnasema milima haikutani? Basi mimi napeleka salamu."

Alhamisi moja ya mwaka 1975 fundi cherehani wa barabara ya shule alimletea baiskeli yenye breki mbovu ya nyuma. Aliihitaji mchana kwa ajili ya kupeleka sare za wanafunzi. Aliipata jua likizama, ina matope mpaka kwenye tandiko.

"Nilikuachia breki," fundi cherehani alimwambia, "sikukuachia baiskeli uoe."

"Breki imepona, dada. Imeshuka kwa Mjomba bila kulia."

"Sare nimezibeba kichwani. Huko juu kuna nini cha kunicheleweshea kazi?"

"Hakielezeki. Kinapandwa."

Jumapili iliyofuata alipanda, ili apate sababu kamili ya kumtukana. Hakuipata. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, na huyo ndiye bibi yetu aliyekaa hapa mbele.

Tangu hapo, marehemu akipiga kengele kileleni, bibi huku chini aligonga sufuria kwa kijiko kumjibu. Jioni walitazamana. "Umenisikia?" "Nimekusikia. Na wewe?" "Vizuri kabisa." Kutoka kwa Shangazi mpaka jikoni ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hakuna aliyemsikia mwenzake hata siku moja, na hakuna aliyekubali.

Milima minne waliipanda pamoja. Kwa Mama Mkwe walisema mwakani. Wakazaliwa watoto watatu, kazi ikaongezeka, ikawa mwakani, mwakani, na mwaka 2003 goti la kushoto la bibi likagoma. Marehemu aliendelea kwenda peke yake, lakini chini ya kilele, penye jiwe kubwa lililopasuka, aligeuza. Aligeuza hapo mara kumi na tisa. Zilibaki hatua mia mbili tu. Watu walimcheka. Yeye alisema, "Kwa mama mkwe unafikaje bila mkeo? Utaulizwa umemwacha wapi, ujibu nini?"

Na asubuhi ambazo kilele kilifunuka, alimwita mkewe kwa sauti ya mtu anayeunguliwa na nyumba. Bibi aliacha cherehani, akaja akichechemea, na kila mara alikuta wingu limesharudi. Miaka arobaini hivi hivi. Bibi akaanza kusema kilele hakipo, ni uongo wa mafundi.

Mwaka 2017 marehemu aliunganisha baiskeli mbili ubavu kwa ubavu, akafunga katikati kile kiti cha cherehani chenye mto. Jumamosi, tarehe 12 Agosti, familia nzima ilivuta kamba, bibi amekaa juu akitoa amri. Penye jiwe lililopasuka magurudumu yalikataa. Bibi akashuka, akaushika mkono wa mumewe, na zile hatua mia mbili wakazitembea kwa saa nzima. Walipofika kileleni wingu lilikuwa zito, mtu hakuona hata viatu vyake. Marehemu akapiga kengele. Bibi alikaa juu ya jiwe, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka yote hii, baba watoto, umenileta kwenye moshi."

"Mama mkwe haonyeshi uso mgeni akija mara ya kwanza. Tutamwona tu."

"Lini?"

"Tutamwona."

Februari 2024 pumzi ilianza kumkatikia. Daktari alisema moyo umepanuka. Bibi akasema hilo angewaambia yeye tangu 1975. Marehemu alikatazwa kupanda mlima wowote.

"Na kushuka, daktari?"

"Utashukaje mzee, bila kupanda?"

"Nauliza tu."

Waliafikiana mwisho uwe daraja la mto, kabla njia haijaanza kupanda. Kila asubuhi aliisukuma baiskeli kwa miguu mpaka darajani na kurudi, na binti yake muuguzi alihakikisha vidonge vimemezwa. Banda alimkabidhi mwanawe wa pili, pamoja na ile sheria ya kujaribu baiskeli. Wateja mtatusamehe, sheria inaendelea.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi sita na siku sita. Msagaji ndiye aliyemkuta, ameketi, mgongo umeegemea jiwe, baiskeli iko pembeni na kijiwe nyuma ya gurudumu isije ikateleza, kama alivyotufundisha. Daraja alikuwa amelipita hatua arobaini. Daktari atatusamehe na yeye.

Ameacha mke mmoja, watoto watatu ambao ni muuguzi, fundi baiskeli na dereva wa lori, wajukuu saba, dada mmoja, spana zilizopangwa kwa ukubwa, na vijiwe ambavyo hatujui tena kipi kilianzia mlima gani. Apumzike, mpandaji wetu, maana amefika.

Bibi ameomba asubuhi ile isomwe mwisho.

Siku hiyo marehemu alifungua mlango saa kumi na mbili kasorobo. Akamsalimia Shangazi, akamsalimia Mjomba, akawasalimia Mapacha. Kisha akageukia ndani. Alimwita bibi, safari hii taratibu. Bibi alikuwa amebandika maji ya chai. Alikuja ameshika ukuta, bila haraka, kwa kuwa alishazoea kukuta wingu.

Hakukuta wingu. Mama Mkwe alikuwa wazi kuanzia mabegani mpaka utosini, na mwanga wa mapambazuko umempiga upande mmoja. Walisimama kizingitini bega kwa bega. Dakika mbili zikapita, tatu, tano. Hakujifunika.

"Kumbe yupo," bibi alisema.

"Si nilikwambia."

"Na ni mzuri."

"Mmefanana."

"Hebu niondokee hapa." Lakini hakumwachia mkono.

Baadaye marehemu alivaa viatu, akachukua baiskeli ukutani. "Nakwenda kumwangalia kwa karibu kidogo."

"Darajani."

"Darajani."

"Na chai?"

"Iache jikoni ipate rangi."

Akatoka akiisukuma baiskeli, kofia mkononi, kichwa ameinua, kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho. Kwenye kona ya mashine ya kusaga akapiga kengele mara mbili. Ilisikika mpaka jikoni. Bibi akachukua kijiko, akagonga sufuria.